Usiifumue Kofia ya Mwanangu

Mdogo wangu,

Ugonile. Natumaini jua limetoka huko juu Makete, hata kama halina joto.

Picha ya kofia niliiona asubuhi, wewe uliituma usiku wa manane. Chini yake umeandika, "Dada nimekosea tena, kesho naifumua." Ukiifumua, hiyo itakuwa mara ya tatu kwa uzi ule ule. Nakuomba, kabla hujauvuta huo mwisho wa uzi, soma barua hii yote. Nimeiandika iwe barua ya wazi kwa makusudi. Kila kipupwe kikikaribia, akina mama hapa Uyole wananijia na kofia za aina hiyo mkononi na neno hilo hilo, nimekosea, nimekosea. Wengi wao hawajakosea kitu, na wewe pia hujakosea.

Niliikuza ile picha mpaka nikaona nguzo moja moja, yale macho marefu ya sindano ya ndoana. Mkono wako umetulia, hukubana sana wala hukulegeza, na duara la juu limelala vizuri, halikujikunja kama bakuli. Kinachokuuma ni rangi. Kileleni kuna duara kubwa jekundu limekaa kama kifuniko cha sufuria, halafu kadiri kofia inavyoshuka rangi zimebanana, kijani na buluu hazifikishi hata mizunguko miwili kila moja. Ulitegemea mistari iliyolingana, kama ile ya kwenye picha ya lebo.

Sasa sikiliza uzi huo wa rangi nyingi unavyotengenezwa. Kiwandani hawapaki mistari, wanapaka urefu. Kipande kirefu kinatiwa nyekundu, kinachofuata njano, kisha kijani, buluu, zambarau, halafu nyekundu inarudi tena. Urefu wa kila rangi ni ule ule kuanzia mwanzo wa donge hadi mwisho. Kinachobadilika ni kofia yenyewe. Mzunguko wako wa kwanza una nguzo 12, wa pili 24, wa tatu 36, ukaenda ukiongeza 12 kila mara mpaka 72, hapo ukaacha kuongeza ukaanza kushuka. Mzunguko wa nguzo 72 unakula uzi mara sita ya ule wa kwanza.

Jana jioni nilichukua donge kama lako na sindano namba 4, nikapima. Nilifuma nguzo 10, nikatia alama kwa kalamu, nikazifumua, nikaunyoosha uzi kwenye futi yangu ya cherehani. Sentimita 65. Kisha nikaipima nyekundu yote, kutoka inapoanza hadi inapogeuka njano, nikapata mita 9. Piga hesabu na mimi. Mizunguko minne ya kwanza ina nguzo 120, ambazo zinakula mita 7 na sentimita 80. Kwa hiyo nyekundu moja imefunika mizunguko minne yote na bado ikaingia kwenye wa tano. Huku chini, mzunguko mmoja wa nguzo 72 unataka mita 4 na sentimita 68, ndiyo maana mita 9 za kijani haziwezi kumaliza miwili. Ukifumua mara kumi, mara zote kumi nyekundu itakaa juu vile vile.

Nadhani najua wazo la kosa limekutoka wapi. Sisi tulifundishwa na bibi, Kyela, juu ya mkeka, kwa uzi mweupe tu. Vitambaa vya makochi, cha meza, cha kufunikia redio. Unaikumbuka sindano yake? Ile spoki ya baiskeli aliyoisugua kwenye jiwe mpaka ncha ikapata ndoana, na huku nyuma kaifunga kitambaa isimchome kiganja. Kwa uzi mweupe, kazi nzuri ni ile inayolingana kila upande, na bibi alikuwa akikiweka kitambaa sakafuni akakizunguka akikitazama kabla hajakisifu. Kofia hakutufundisha kabisa. Nani angevaa kofia ya uzi Kyela, kando ya ziwa, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo Novemba hata shuka linakuwa zito? Leo umepangiwa kufundisha Makete, jirani na uwanda wa Kitulo ulio kwenye mita 2,600 hivi, unafungua mlango asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi. Kazi ya mkono ni ile ile ya bibi, ila uzi huu una tabia nyingine.

Halafu tazama mahali ulipo. Unakumbuka siku tuliyopita Kitulo pamoja, ile Februari, kwa barabara ya Isyonje? Watu wameiita Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake, okidi peke yake ni zaidi ya aina 40. Wewe ndiye uliyemwomba dereva asimame. Bonde moja lilikuwa la njano tupu, ng'ambo yake vidoa vya zambarau vya kuhesabika, na hukusema kwamba njano imezidi. Ulisema tu, "Dada, njoo uone." Hiyo kofia nami nimeiona kwa jicho hilo. Sasa hivi maua yote yameisha, nyasi ni za kijivu, na ukungu unashuka mpaka barabarani. Mwanangu akitembea kwenda shule na kile kichwa chekundu, dereva wa lori la viazi atamwona mapema. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuiacha nyekundu ikae pale juu.

Kuna sehemu moja ya picha, hata hivyo, iliyonifanya niirudie mara tatu. Zambarau iko wapi? Karibu na ukingo, upande wa kushoto, buluu inakatika ghafla na mara moja inaingia nyekundu. Gusa mahali hapo kwa ndani, utakuta kafundo kadogo kagumu. Uzi ulikatika kiwandani, wakauunga bila kutazama rangi. Mimi iliwahi kunitokea kwenye sweta ya mtoto, nikagundua nimeshamaliza mikono yote miwili, nikalia kwa kweli, maana niliahidi kuipeleka kwenye ubatizo Jumapili ile. Tangu siku hiyo nikinunua donge naligeuzageuza, navuta mita chache za mwanzo, na nikiwa nafuma natazama mbele kila rangi inapokaribia kuisha.

Kwa hiyo kama mkono unakuwasha kufumua, fumua hapo tu. Ni mzunguko mmoja na kidogo, usipite fundo. Likate hilo fundo na uache mkia wa kiganja kimoja. Kisha vuta uzi kutoka kwenye donge, nyekundu ipite, njano ipite, kijani, buluu, mpaka zambarau ianze. Kata hapo uunganishe, endelea kama hakuna kilichotokea. Huo uliouruka ukunje donge dogo uuweke, ni kama mita 35, unatosha kishada cha juu kikubwa kabisa na soksi za mdoli zitabaki. Usiogope kuishiwa. Kofia ya mtoto wa miaka minne haimalizi donge la gramu 50.

Ukifika chini ya masikio, acha nguzo ndefu, fuma mizunguko mitatu ya macho mafupi ya kubana, ili ukingo ushike. Mpime kichwani huku kofia ikiwa bado kwenye sindano. Usipime ukiwa umemvuta kutoka usingizini kama ulivyofanya mara ya kwanza, mtoto aliyelala kichwa hakikai sawa. Kichwa chake ni sentimita 50, nguzo zako 72 zimetoa kofia ya 45, nayo ikivutika itakaa pale pale. Kofia iliyolingana kabisa na kichwa, baada ya wiki mbili inaanguka machoni.

Sasa la muhimu kuliko rangi. Uzi huo ni akriliki, kama nyuzi nyingi tunazonunua sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Haunyonyi maji kama sufu, unakauka haraka, unafuliwa hata kwa sabuni ya unga, na haumwashi mtoto kwenye paji la uso. Ila moto hauuwezi. Haufanyi majivu kama pamba, unayeyuka, na ukiyeyuka unaganda kwenye ngozi. Najua mnavyokaa na jiko la mkaa jioni, mtoto kajikunyata karibu. Kofia ivuliwe akiwa jikoni, akaivae akitoka nje. Pasi isiiguse kabisa, itanyooka iwe bapa kama karatasi na haitarudi. Na kwa kuwa nimeshalitaja jiko, nakuomba kwa jina la mama yetu, usilale nalo chumbani mmefunga madirisha, hata baridi iwe ya namna gani. Ile hewa ya mkaa haina harufu, na watu hawaamki.

Ukitaka sufu halisi, nenda kwenye mitumba. Tafuta sweta yenye lebo ya sufu, iangalie mishono ya ubavuni. Kama imeshonwa kwa mashine ya kukata na kuzungushia ukingo, iache, ukifumua utapata vipande vya urefu wa mstari mmoja mmoja. Kama vipande vimefumwa vikiwa na kingo zake nzima kisha vikaunganishwa, utapata uzi mrefu mzuri. Usiifue kwa maji ya moto, sufu inasinyaa na kukaza kama blanketi.

Nimebaki na jambo lako wewe mwenyewe. Kwenye ile picha ya pili, ya mtoto akiwa amelishika donge, nimekuona nyuma yake kwenye kioo cha kabati, kichwani una kitenge. Kitenge, mdogo wangu, katika baridi hiyo. Umemfumia mtoto mara mbili ukafumua, na wewe huna hata mzula.

Yako ndiyo tutakayoifanya iwe na mistari inayolingana, kwa sababu nimeona roho yako inaitaka. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuifuma kwa ubavu. Unafuma kipande cha mstatili, kimo chake ndicho kimo cha kofia, kama sentimita 22, unakwenda na kurudi kwa macho mafupi, ukishika uzi wa nyuma tu wa kila jicho. Kila mstari una urefu ule ule, basi kila rangi inapata idadi ile ile ya mistari. Ukishafika mzunguko wa kichwa unashona kingo mbili pamoja, juu unakusanya kwa uzi na kukaza. Mistari itasimama wima kutoka paji hadi kileleni, na kofia inavutika vizuri. Wengi wanaipenda hii. Mimi ule mkusanyiko wa juu haunipendezi, unabaki na kichuguu ambacho ni lazima ukifiche kwa kishada.

Ya pili ndiyo naitaka kwako. Duara la juu lote lifume kwa uzi mweusi mtupu, 12, 24, 36, mpaka 84, maana wewe kichwa chako ni 56. Ukishaacha kuongeza, hapo ndipo unaingiza uzi wa rangi. Kwa kuwa mizunguko yote ya kushuka ina nguzo 84, kila rangi itapata mzunguko mmoja na nusu na ushee, sawasawa, hadi ukingoni. Nyeusi inazipa rangi nafasi ya kuonekana. Usifunge kila mzunguko na kuanza upya, nenda mfululizo kama konokono, la sivyo nyuma ya kofia utabaki mshono unaoonekana mahali mizunguko inapofungwa.

Nimeshanunua. Donge moja jeusi, jingine la rangi nyingi, na sindano namba 4 ya chuma, maana hiyo yako ya plastiki nimeiona imepinda. Donge la rangi nimelikunjua lote na kulikunja upya jana usiku nikitafuta fundo, halina. Mwisho wa nje unaanza na njano. Mzigo nitaukabidhi kwenye basi la keshokutwa asubuhi, kondakta atakupigia akifika. Ndani kuna pia mchele wa Kyela kilo tano, mama kaleta Jumamosi.

Nitumie picha ya ile ya mwanangu ikishapata zambarau yake. Mwambie mama mkubwa amemsalimia.

Dada yako,
Uyole