Mkono uliolala: barua kwa Mwanaidi

Unguja

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifikia salama, na nashukuru umeuliza kabla ya kuandika rufaa, kwa sababu wagonjwa wako wawili, yule mtoto mchanga aliyekwama bega wakati wa kuzaliwa na yule kijana mchuma karafuu, wote umewaeleza kwa maneno mamoja, kwamba mkono umelala, ilhali haikulala kwa namna moja.

Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni kwa mizizi mitano, kuanzia wa 5 hadi wa 8 wa shingo, pamoja na wa 1 wa kifua. Ya juu huendesha bega na kukunja kisukusuku; ya chini huendesha vidole na misuli midogo ya kiganja. Kwa hiyo jambo la kuuliza mwanzo ni mkono ulivutwa upande gani. Kichwa kikivutwa upande mmoja na bega likabaki upande wa pili, kama kwa mtoto wako au kwa mtu aliyeanguka na vespa akatua kwa bega, huumia mizizi ya juu. Mkono ukivutwa juu ya kichwa, kama wa kijana aliyedaka tawi la mkarafuu huku mwili unashuka, huumia ya chini.

Mkono wa mtoto umelala ubavuni, umegeukia ndani, kisukusuku kimenyooka na kiganja kinatazama nyuma, mfano wa mhudumu wa hoteli anayepokea bahashishi kwa siri. Mtie kidole chako kiganjani. Akikifumbata, mizizi ya chini imesalimika. Papasa na mtulinga, kwani mtoto aliyevunjika mtulinga naye hauchezeshi mkono, kwa maumivu tu. Hali hii ya kuumia mizizi ya juu huitwa kwa jina la Erb, tabibu wa Kijerumani aliyeieleza mwaka 1874, na watoto wengi hupona bila ya kupasuliwa. Mimi huangalia kisukusuku: ikifika miezi 3 hajaweza kukikunja, aonwe na daktari bingwa.

Kijana ndiye anayenitia wasiwasi. Bega analinyanyua, lakini kifungo cha shati kinamshinda, na ganzi imetoka kidole cha mwisho ikapanda hadi upande wa ndani wa kigasha. Wengi wangedhani umeumia ule mshipa mmoja unaopita nyuma ya kisukusuku. Mlaze kiganja juu, umwambie anyanyue dole gumba kuelekea dari huku wewe unalizuia. Jeraha la kisukusukuni haliondoi nguvu hiyo wala haliachi ganzi kigashani. La mizizi huharibu vyote viwili.

Umeniandikia mengi kuhusu mkono wake, lakini uso wake hukuutaja hata kidogo. Mtazame macho, tena chumba kikiwa na giza kidogo. Ikiwa kope ya upande ule imeshuka na mboni ni ndogo kuliko ya pili, basi mzizi wa 1 wa kifua umeumia karibu kabisa na uti wa mgongo, pengine umeng'oka, kwa kuwa nyuzi zinazoitanua mboni hutokea hapo hapo. Aliyelieleza jambo hilo mwaka 1885 ni Augusta Dejerine-Klumpke, wakati huo bado mwanafunzi wa udaktari huko Paris. Mzizi uliong'oka haujiungi wenyewe, na hata uliojeruhiwa tu hukua kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, hivyo unapofika kiganjani misuli huwa imeshasinyaa.

Watu wake wakitaka kumpeleka kwa mkandaji, waambie kwa upole kwamba mkono usivutwe, wala usitiwe mafuta ya moto, kwa sababu penye ganzi ataungua bila ya kujua.

Rufaa yake iandike leo, ukianza na jicho, kisha dole gumba, kisha mipaka ya ganzi. Ya mtoto inaweza kungoja kliniki ya wiki ijayo.

Wassalaam,
Zuhura