Altrasaundi ya thieta inunuliwe na probu yake

Mhariri,

Katika upasuaji mkubwa, presha ya mgonjwa inaweza kuporomoka kabla mkanda wa mkononi haujajaa upepo tena. Ndiyo maana sisi wa usingizi huweka kanula (sindano iliyovikwa mrija laini wa mpira, ambao ndio unaobaki ndani) kwenye ateri ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ili presha isomwe kwa kila pigo la moyo. Kinachotuuma ni kuchomachoma. Ateri hiyo ina upana wa milimita 2 hadi 3 tu; ikikosewa mara kadhaa hujikaza, damu huvia pembeni, na mapigo hayasikiki tena vidoleni.

Na mara nyingi ateri haikukoswa. Kwenye kanula ya geji 20, ncha ya sindano huutangulia mpira kidogo. Damu ikionekana, sindano imeingia, mpira bado uko nje. Anayeusukuma papo hapo huisukuma ateri yenyewe. Laza sindano kutoka nyuzi 45 hadi 15 hivi, isogeze milimita 1 au 2, ndipo uuteleze mpira. Ukigoma, usiulazimishe.

Kwa altrasaundi, kazi yote ni kuifuata ncha. Ateri huonekana kama duara jeusi, ncha kama nukta nyeupe. Ukiiona nukta, simamisha sindano, sogeza probu (kile kichwa cha mashine kinachowekwa juu ya ngozi) mbele kidogo mpaka nukta ipotee, kisha ingiza sindano mpaka irudi. Endelea hivyo, nukta ikibaki katikati ya duara, kwa kama sentimita 1 ndani ya ateri. Asiyesogeza probu huenda anatazama kiwiliwili cha sindano huku ncha imeshatoboa ukuta wa nyuma. (Kiganja kisikunjwe nyuma kupita kiasi, ateri hubanwa ikawa bapa.)

Mpira ukishakaa, kihisi cha presha kiwe usawa wa moyo. Kikishuka sentimita 10, presha husomeka juu kwa takriban mmHg 7.5, na hiyo inatosha kuficha hatari.

Lakini hospitali nyingi zina altrasaundi yenye probu iliyopinda, ya kuangalia mimba. Hiyo haioni vizuri mshipa ulio milimita chache chini ya ngozi. Inatakiwa yenye uso ulionyooka, ya megahezi 10 au zaidi. Tunawaomba wanaopanga bajeti waiandike kwenye oda ileile ya mashine, na mashine ilale thieta.

Wataalamu wa usingizi