Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mazingira: Tupe Ufunguo wa Lango la Maji

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu nyingi kutoka hifadhi ya ardhi oevu, ile uliyoizindua kwa kukata utepe. Jumatatu alfajiri samaki wamekufa tena, na safari hii bata nao wamo.

Usihangaike kuunda kamati. Kila mvua kubwa inaponyesha, chemba za majitaka hufurika na uchafu huishia bwawani. Bakteria wanaouozesha hula oksijeni yote. Usiku mimea nayo huitumia bila kuitengeneza, ndiyo maana samaki huanza kutweta juu ya maji kabla hakujapambazuka. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hawaponi. Hapo ni kufungua lango la chini maji mabovu yatoke, ya mtoni yaingie. Lakini lango lina kufuli, na ufunguo uko ofisini kwako "kwa usalama". Kibali huchukua siku kadhaa. Samaki hufa kwa saa chache.

Bata wamelegea shingo na hawawezi kuruka. Tunashuku sumu ya botulizimu: bakteria wake hustawi ndani ya mizoga kwenye maji ya joto yaliyotuama, funza wakala mzoga, bata akala funza, naye akawa mzoga. Kwa hiyo tunaokota mizoga asubuhi na jioni na kuifukia mbali na maji. Glavu tunajinunulia.

Halafu kuna matete. Mkandarasi wako aliyafyeka chini ya usawa wa maji, ilhali visiki hutakiwa kubaki juu, kwa kuwa mizizi hupata hewa kupitia mashina. Yamezama, yameoza, yameongeza ulaji wa oksijeni. Kazi ililipwa, tunasikia.

Wanafunzi wakichota kwa wavu na kumimina kwenye trei nyeupe, walizoea kuhesabu lava wa kerengende. Sasa wanapata minyoo myekundu tu, dalili ya maji machafu. Somo limeeleweka vizuri mno, ahsante.

Siku ya Ardhi Oevu Duniani, Februari 2, uliwaahidi watoto hao hao kwamba majitaka yangeelekezwa kwingine kwa bomba kabla ya mvua. Mvua imekuja. Hilo bomba tutalisubiri, tumeshazoea. Ufunguo hauhitaji bajeti wala zabuni. Kama wa asili ni wa thamani sana, tuchongee nakala. Mlinzi wetu hukesha hatua chache kutoka langoni. Mkabidhi yeye, hata kwa kusaini daftari.

Ufunguo, Mheshimiwa. Wiki hii.

Ni sisi,
Walezi na walimu wa kujitolea wa hifadhi