Maandalizi ya mazungumzo ya Jumamosi: vyombo vya fedha vya ibada

Ndugu wanakikundi, salaam.

Kabla ya mazungumzo yetu ya Jumamosi, naomba kila mmoja aitazame kwa utulivu picha ya kikombe cha Ardagh, kazi ya karne ya 8 iliyofukuliwa Ireland mwaka 1868 na ambayo sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dublin. Chini ya ukanda wa nyuzi za dhahabu unaozunguka bakuli lake la fedha yamechorwa majina ya mitume, kwa mstari mwembamba kiasi kwamba mwenye haraka hayaoni kabisa. Pindueni macho pia hadi chini ya kitako, penye jiwe angavu lililozungushiwa mapambo ambayo waumini waliweza kuyaona pale tu kikombe kilipoinuliwa; kwa maoni yangu, hapo ndipo fundi alipoificha sala yake.

Vikombe vya Ulaya vya karne za baadaye vina lugha nyingine. Ndani hupakwa dhahabu, kwa heshima ya divai inayowekwa wakfu. Kifundo cha katikati humpa padri mahali pa kushika imara, na msalaba uliochorwa kwenye kitako humwonyesha upande wa kunywea. (Mapambo mengi, kumbe, yana kazi.)

Visahani na vyetezo tutavigusia kwa ufupi tu. Mwenye picha nzuri ya kitako, hasa iliyopigwa kutoka chini, aitume humu kabla ya Ijumaa jioni.