Salamu za Noeli, pamoja na Ruth Jones wa Wales

Ndugu wasomaji, nawatakia heri ya Noeli na baraka za Mwaka Mpya, ninyi pamoja na jamaa zenu, walio nyumbani na walio safarini.

Msimu huu fikra zangu zimekuwa kwa Ruth Jones, mwigizaji na mtunzi wa Wales, kwa sababu simjui mwandishi wa tamthilia za televisheni wa zama zetu aliyeielewa Noeli ya watu wa kawaida kumzidi yeye. Alizaliwa Bridgend mwaka 1966, akakulia Porthcawl kwenye pwani ya kusini, akasomea sanaa za maonyesho Warwick na kisha Cardiff. Alikutana na James Corden walipoigiza pamoja katika tamthilia ya televisheni Fat Friends, na wawili hao wakaandika Gavin & Stacey, tamthilia ya vichekesho ambayo BBC ilianza kuirusha Mei 2007: Gavin, kijana wa Essex huko Uingereza, anampenda Stacey, binti wa Barry, mji wa pwani wa Wales, na koo mbili zilizotofautiana lafudhi na mazoea zinajikuta zimekuwa ndugu.

Jones mwenyewe anaigiza Nessa, rafiki wa Stacey, mwanamke wa mavazi meusi ya ngozi na sauti nzito, anayefanya kazi katika ukumbi wa mashine za kamari kule ufukweni. Mwandishi mwingine angemfanya kichekesho tu, lakini Jones amemwandikia utu kamili. Katika kipindi cha Noeli ya 2019, wakwe wamewasili kutoka Essex, Bryn, ami yake Stacey, anahangaika jikoni na chakula cha watu wote hao, na usiku, nje ya nyumba, Nessa anapiga goti na kumposa Smithy, rafiki wa Gavin na baba wa mwanawe. Kipindi kikaishia hapo, na watazamaji wakakaa miaka 5 bila jibu.

Jibu lilikuja Noeli ya 2024, mbele ya watazamaji milioni 12.3 wa usiku huo huo. Smithy, aliyekwisha kuivunja harusi yake na mwanamke mwingine, anamfuata Nessa hadi bandari ya Southampton kabla hajapanda meli, na safari hii ni yeye anayeposa. Mwaka 2025 uigizaji huo ulimpa Jones BAFTA, tuzo kubwa ya televisheni ya Uingereza, na kwa maoni yangu aliistahili vilevile kwa kalamu yake.

Mtakaopokea wakwe na mashemeji mwaka huu, karamu njema. Nanyi mnaowafuata mbali, Mungu awafikishe salama.