Risala ya walimu wa kujitolea wa darasa la kisomo cha watu wazima kwa mgeni rasmi, Siku ya Kisomo Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkutubi Mkuu,
Ndugu wanakisomo, walimu wenzetu na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa. Tunakushukuru wewe pia, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kufika saa ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Wanakisomo wetu wameliona hilo, na vifijo ulivyosikia ukiingia hawakufundishwa na mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku ya leo, Septemba 8, ilitangazwa na UNESCO mwaka 1966 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Darasa letu halina umri huo. Lilianza siku mama mmoja alipoingia maktaba na barua mkononi, akaomba asomewe. Akasomewa. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama anaweza kufundishwa ili inayofuata aisome mwenyewe. Historia yetu ni hiyo.

Mafanikio ni makubwa. Kutoka mwalimu mmoja sasa tumefika saba, wote wa kujitolea. Tunayo kamati kamili, tunalo daftari la mahudhurio, na ubao wetu umepakwa rangi upya kwa nguvu zetu wenyewe. Wanakisomo watano wameacha kuweka dole gumba kwenye fomu. Mmoja wao, karani alipomsogezea kidau cha wino, alikirudisha polepole, akaomba kalamu. Sisi tunayaita hayo mapinduzi, Mheshimiwa, na hatujaona neno dogo zaidi linaloyatosha.

Sasa tunaomba ruhusa yako tuingie kwenye jambo lililotufanya tukualike.

Darasa letu linakaa kwenye kona ya ukumbi wa kusomea. Ukutani kuna tangazo linaloomba utulivu, na tangazo hilo ni la haki. Wasomaji wengine wanahitaji kimya. Lakini mtu mzima anayeanza kusoma hajifunzi kwa kimya. Herufi anaijua kwa kuitamka. Tukifika kwenye “ng’ombe” na “ngoma”, tofauti ya sauti hizo mbili iko puani na kooni. Lazima mwanakisomo aitoe, aisikie, aikosee, airudie mara kumi. Kwa kunong’ona zote mbili zinasikika kama pumzi. Hali kadhalika “dhamana” na “thamani”. Mwalimu anainamisha sikio, mwanakisomo anainamisha kichwa, na msomaji wa meza ya pili tayari amegeuka kututazama. Somo la dakika kumi linachukua jioni nzima.

Wala si sisi tuliobuni elimu ya kupaza sauti. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos nchini Brazili, mwalimu Paulo Freire na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma na kuandika kwa takriban saa 40 za masomo. Watu wale walikaa duara. Walitazama picha za maisha yao, wakazungumza, wakabishana, ndipo neno likaandikwa ubaoni, likavunjwa silabi, na silabi zikazaa maneno mengine. Tumelijaribu hilo hapa kwa neno “tofali”. Wanakisomo wetu wawili ni mafundi ujenzi. Walianza kubishana juu ya tofali bora kwa furaha ambayo hatujapata kuiona darasani. Tukaombwa tunyamaze. Tuliombwa kwa adabu, na tulinyamaza.

Lipo na la pili, nalo ni zito kuliko la kelele. Ukumbi ule uko wazi. Watoto wa shule huja jioni kufanya kazi zao, na wengi wanawajua wanakisomo wetu kwa majina. Baba mmoja, mtu wa heshima zake, alikuwa amefika kwenye silabi za “mwa”. Kijana wa jirani yake akapita karibu na meza, akasoma ubao kwa sauti, kwa wema tu, akidhani anasaidia. Yule baba alifunga daftari, akaliweka juu ya meza badala ya kuondoka nalo, akaaga vizuri. Hajarudi. Daftari lake tunalo hadi leo, na ukurasa wa mwisho una mstari mmoja wa “mwa” ambao haukufika ukingoni. Tumemfuata nyumbani mara mbili. Anatupokea vizuri, anasema ana shughuli.

Tunachoomba ni chumba kile cha nyuma ya rafu za magazeti. Kina dirisha, kina taa, kina mlango unaofungika, na kina mlango mwingine wa kutokea nje, maana yake tunaweza kufundisha hadi saa 2 usiku bila kuiacha maktaba nzima wazi. Maktaba inafungwa saa 11 jioni, saa ambayo wengi wa wanakisomo ndiyo kwanza wanatoka kazini. Kwa sasa chumba kinahifadhi viti vilivyovunjika. Hatuombi fedha. Viti tutavibeba wenyewe, kufagia tutafagia. Mkutubi Mkuu hana pingamizi na amekuwa nasi bega kwa bega. Amekuwa akituambia ukweli kwamba anahitaji kibali cha maandishi kutoka juu.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mwaka juzi lilisomwa mahali hapahapa. Mgeni rasmi wa siku hiyo alisema, “Hilo hesabuni limekwisha,” na tukapiga makofi. Mwaka jana lilisomwa tena. Mgeni rasmi alimwagiza msaidizi wake aliandike, na tulimwona akiliandika. Baada ya hapo tulikwenda ofisini mara nne. Mara ya kwanza faili lilikuwa njiani, mara ya pili lilikuwa mezani, na mara mbili za mwisho hapakuwa na wa kutujibu. Tunayasema haya kwa heshima kubwa, bila nia ya kumvunjia mtu hadhi yake. Tunayasema kwa kuwa wanakisomo walikuwepo siku zote mbili, na sisi ndio wanaotuuliza.

Ilani ya IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO kuhusu Maktaba za Umma, iliyotolewa upya mwaka 2022, inataja kisomo cha watu wa rika zote miongoni mwa kazi za maktaba. Lengo la 4.6 la Maendeleo Endelevu la Umoja wa Mataifa, linalotaka vijana wote na sehemu kubwa ya watu wazima wajue kusoma, kuandika na kuhesabu, limewekewa mwaka 2030. Huko ndiko tunakoelekea kwa kunong’ona.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu wote, hatukuombi ahadi leo. Tunaomba barua, yenye tarehe ya kukabidhiwa ufunguo. Haina haja ya kuwa ndefu, na tungeomba iandikwe kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu atakayeisoma mbele ya darasa ni mama yule aliyeanza nasi. Ameshasema ataisoma kwa sauti.

Na kabla hujaondoka, tunakuomba hatua chache tu hadi kwenye chumba hicho. Mkutubi Mkuu ana ufunguo mfukoni.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya walimu wa kujitolea na wanakisomo