Kabla hamjashusha gia boksi

Kaka Shabani,

Salamu kutoka Makambako, baridi inatutafuna lakini tuko wazima. Mama Neema anakusalimu, na anauliza beseni lake. Mimi simo.

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia usiku, nikaona kukujibu kwa sauti nitapotea njiani, bora niandike. Kwamba Canter inagoma gia, na fundi keshaamua: gia boksi chini, inunuliwe seti nzima ya klachi: pleti inayoshika, presha inayoibana, na bearing inayoiachia. Kaka, mwambie aweke spana chini kwanza.

Hapo kuna magonjwa mawili na mmeyachanganya. Kuna klachi kuteleza, yaani pleti haishiki na nguvu haifiki kwenye matairi, na kuna klachi kutokata, yaani unakanyaga pedali lakini injini na gia boksi haviachani. Wewe umenieleza la pili, halafu utingo wako akapenyeza la kwanza, eti kulikuwa na harufu ya kuungua pale mlimani Kitonga. Kitonga! Pale kila siku kunanuka breki za malori yanayoteremka, na wewe ulikuwa unapanda na saruji. Harufu peke yake siyo ushahidi. Ukitaka kumnyamazisha, simamisha gari tambarare, zuia matairi kwa mawe, vuta handibreki, weka gia ya nne, kanyaga mafuta kidogo uachie klachi. Injini ikizima hapo hapo, pleti bado inashika. Ikiendelea kunguruma gari limesimama, basi fundi ana haki yake. Ila msirudierudie, jaribio lenyewe linaila pleti.

Lakini sidhani. Umesema mwenyewe injini ikizimwa gia zote zinaingia, ikiwaka namba moja inagoma na rivasi inakwaruza. Halafu ukasema, tena kwa kupitia tu, kwamba ukiipampu pedali inakubali. Hapo ndipo niliporudisha sauti nyuma. Pleti iliyokwisha haiponi kwa kupampu, Shabani! Kinachopona hivyo ni upande wa mafuta ya klachi, yale yanayopeleka nguvu ya mguu kutoka silinda ya juu kwenye pedali hadi ya chini kwenye gia boksi: upepo umeingia, au mipira ya silinda imechoka, ya juu au ya chini.

Fanya hivi. Utingo akae kwenye usukani, injini imezimwa, akanyage klachi taratibu na kuishikilia. Wewe lala chini, tazama silinda ya chini pale ubavuni mwa gia boksi. Kuna kifimbo kinachosukuma uma, ule unaoiachia klachi. Kikitoka kidogo tu, au kikatoka halafu kikaanza kurudi chenyewe wakati mguu bado uko chini, umempata mwizi. Kisha chomoa kile kimpira cha vumbi kwa kidole. Ndani panatakiwa pawe pakavu; kidole kikitoka na majimaji meusi, mpira wa ndani umekwisha. Ukimaliza, ingia kebini upapase juu ya pedali, fimbo inapoingia ukutani. Pakiwa pamelowa ni silinda ya juu. Na pasipovuja popote lakini pedali inazama polepole chini ya mguu, bado ni hiyo ya juu, inapitisha ndani kwa ndani. Hosi pia, mwingine akikanyaga wewe ishike uone kama inavimba.

Mipira na kutoa upepo ni kazi ya asubuhi moja. Kushusha gia boksi, unajua mwenyewe, na mwezi huu una ada za watoto.

Halafu kwenye kikopo cha mafuta ya klachi iingie DOT 3, yale ya breki, siyo mafuta ya injini. Yule jamaa yetu wa mnadani anayemimina chochote kilicho karibu, usimwite. Mafuta ya injini yanavimbisha mipira yote, ya juu na ya chini, utaanza upya.

Sisemi fundi ni mwongo. Kifimbo kikisafiri vizuri, upepo umetolewa, na bado haikati, hapo ugonjwa uko ndani: pleti imepinda au imeng'ang'ania, au presha ina kasoro. Basi ishuke. Na ikishuka, simama hapo hapo umwone anakagua sili ya nyuma ya kranki na uso wa flaiwili, pale pleti inapobanwa, maana pleti mpya ikilowa oili ni hela imetupwa. Lakini kifimbo kwanza.

Sasa nijibu haya. Ule mlio uliokuwa unauelezea mtoto akaanza kulia, unaanza ukikanyaga klachi, au upo ukiwa fri na ukikanyaga unapotea? Ukianza kwa kukanyaga, bearing ya klachi ndiyo mshukiwa. Ukipotea kwa kukanyaga, tazama bearing ya gia boksi yenyewe, ile ya shafti ya mbele. Kikopo mmekiongeza lini, na nani alikiongeza? Kinashuka? Asubuhi gari likiwa baridi linagoma zaidi au jioni? Fundi ameshalala chini ya gari, au amekaa tu kwenye benchi akapiga hesabu? Na shemeji anaendeleaje na mguu?

Beseni ni la bluu, usijifanye hulijui.

Nduguyo,
Baba Neema